Izime simu kabisa kabla ya ukaguzi
Kabla ya kufika mpakani au popote ambapo maafisa wanaweza kuichukua simu yako, izime kabisa badala ya kufunga skrini tu. Simu iliyozimwa, hata ikiwashwa tena, haikubali alama ya kidole wala sura mpaka nywila iingizwe, na funguo za kufumbua sehemu kubwa ya data iliyosimbwa (iliyogeuzwa isisomeke bila funguo hizo) huwa bado hazijaingia kwenye kumbukumbu yake, hivyo mitambo ya udukuzi huambulia kidogo sana. Nywila ya tarakimu 4 hubatilisha faida hiyo. Weka ndefu yenye herufi. Hatua hii haisaidii pale sheria inapokulazimisha kuitaja nywila, wala haigusi kumbukumbu za mawasiliano na mahali ulipopita, ambazo, kwa masikitiko yangu, kampuni ya simu inazo tayari.