Kabla ya kupasuliwa jipu la titi kwa Ayurveda (tiba ya jadi ya Kihindi) nchini India

Uliza kwanza kama jipu limeiva. Titi jekundu, la moto, lenye maumivu laweza kuwa limevimba tu bila usaha, na kisu hapo hutoa damu na kuacha jeraha la bure. Likiiva, ngozi hung'aa na katikati hulainika. Ukibonyeza upande mmoja, kidole cha upande wa pili huhisi usaha ukisukuma. Lililojificha ndani halionyeshi dalili hizo, kwa hiyo omba ultrasaundi kabla ya kukubali lolote. Jipu dogo, la chini ya sentimita 3 hivi, mara nyingi huisha kwa kuvutwa usaha kwa sindano, hata kama itabidi kurudia kila baada ya siku mbili tatu. Usikubali kuharakishwa.

Anayekata awe na shahada ya uzamili ya Shalya, tawi la upasuaji la Ayurveda. Kanuni za India za mwaka 2020 zimewaruhusu hao, si kila mwenye kibao mlangoni. Muulize atakata wapi. Sushruta, tabibu mpasuaji wa India ya kale, aliagiza kisu kiepuke mirija ya maziwa na chuchu pamoja na weusi wake, na agizo hilo bado lina maana: mrija ukikatwa, maziwa huvujia jerahani na kidonda hakifungi upesi. Vyumba vyote vya usaha vivunjwe, kwani kimoja kikibaki jipu hurudi. Usaha kidogo upelekwe maabara.

Ganzi ya sindano haishiki vizuri kwenye nyama iliyovimba, hivyo huenda ukalazwa usingizi: chakula kikome saa 6 kabla, maji saa 2 kabla. Nyonyesha au kamua muda mfupi kabla ya kuingia. Baada ya hapo usiache! Maziwa yakituama uvimbe huzidi. Sushruta mwenyewe alitaka titi likamuliwe katika kila hatua ya ugonjwa. Mdomo wa mtoto ukigusa kidonda, kamua kwa mkono upande huo.

Kidonda huachwa wazi, huoshwa kila siku kwa panchavalkala, yaani maji yaliyochemshwa na magome ya miti 5, kisha huwekwa shashi yenye mafuta ya jatyadi. Mafuta hayo kwa kawaida yana mrututu (chumvi ya shaba yenye sumu), hivyo yasifike chuchuni. Dawa yoyote ya kunywa, uliza kama ina zebaki au risasi, na usiitumie badala ya antibiotiki ulizoandikiwa.

Homa ikipanda, ukitetemeka na moyo ukienda mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kikikataa kupona, kipande cha nyama kipimwe kifua kikuu na saratani.