Kabla ya kuaga kazi ya zamani, kusanya karatasi zako

Kwa wenzangu wa Tanga mnaotaka kuhama kutoka viwandani au mashamba ya mkonge kwenda kazi nyingine, nawasihi msianze na barua ya kuacha kazi, bali muanze na ushahidi wa mnachokijua. Fundi aliyezoea kufungua mashine ya kuchakata mkonge, akabadilisha beringi zilizokwisha na kuirudisha ikafanya kazi siku hiyohiyo, tayari ni fundi mitambo, lakini mwajiri mpya hawezi kuusoma ujuzi huo mikononi mwake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza kazi nje ya darasa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, hasa kwa mwenye familia asiyeweza kurudi shuleni muda mrefu.

Ukiwa bado kazini, hakikisha kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwamba michango yako yote imewasilishwa, kwa kuwa pengo hufuatiliwa kwa urahisi zaidi ukiwa bado na hati za mshahara na watu wa ofisini wanaokufahamu.

Kisha toa notisi kwa maandishi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka. Kidai cheti hicho hata kama mnaachana kwa wema.