Kupima kumbukumbu za rafiki wa mwanasiasa: Harvey na Webster

Peter Harvey, mfanyabiashara wa Boston, alichapisha mwaka 1877 kumbukumbu zake kuhusu rafiki yake Daniel Webster, seneta wa Marekani. Webster alifariki 24 Oktoba 1852. Anza na hesabu hiyo: miaka 25. Kitabu hakina tena hakimiliki, kwa hiyo pakua nakala nyumbani, kisha nenda nayo Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ukiwa na daftari na penseli.

Chora safu nne: tukio, mwaka lilipotokea, aliyekuwepo, ushahidi mwingine. Jaza kisa kimoja kwa kila mstari. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Utoto wa Webster huko New Hampshire, Harvey hakuushuhudia. Alisimuliwa, basi andika "kasikia". Alipoketi naye mezani, andika "kaona".

Maneno marefu yaliyowekwa ndani ya alama za kunukuu yatilie shaka kwanza. Hakuna anayekumbuka ukurasa mzima wa mazungumzo baada ya robo karne. Chukua maana, usinukuu kama kauli ya Webster. Wanafunzi wengi hukosea hapa, na insha nzima huyumba.

Kwa hotuba ya Webster ya 7 Machi 1850, iliyounga mkono maridhiano kuhusu utumwa, soma hotuba yenyewe kwanza, halafu utetezi wa rafiki. Ukigeuza mpangilio, utaisoma kwa macho ya Harvey. Hata hivyo usimtupe: tabia za nyumbani, uvuvi na ukarimu, rafiki huzijua kuliko karani wa Seneti.