Kupima na kuondoa shaba kwenye maji kwa nukta za kaboni

Nukta za kaboni, yaani chembe ndogo mno za kaboni, hung'aa samawati zikimulikwa kwa urujuanimno wa nanomita 360, na hufifia zikikutana na ioni za shaba. Kuzitengeneza ni rahisi. Kazi ni kujua nini hasa kimezififisha.

Yeyusha gramu 1 ya asidi ya sitriki na gramu 0.5 ya polietileniimini yenye matawi (polima yenye amini nyingi, vikundi vya nitrojeni vinavyoshika shaba) katika mililita 10 za maji moto yaliyokenekwa. Pasha moto chini ya 200 °C, penye kifyonza hewa. Maji yakikauka, ute wa manjano hafifu utabaki. Ongeza mililita 1 ya maji kabla haujaungua, urudie hivyo kwa saa 3 hivi. Ukiwa mweusi, umeharibika. Safisha kwa safu ya silika ukipitisha asidi ya hidrokloriki ya 0.01 M (mola kwa lita). Usiruke hatua hii: polietileniimini iliyosalia hunasa shaba kimyakimya, mwanga usishuke hata kidogo mwanzoni.

Zimua nukta kwa bafa (myeyusho unaoshikilia pH) ya asetati ya pH 5 hadi ufyonzaji wake kwenye nanomita 360 uwe chini ya 0.1. Bafa ya fosfati haifai, kwani huifanya shaba itengane na maji kama mashapo. Miligramu 25 za salfeti ya shaba yenye maji 5, katika mililita 100, hutoa 1 mM (milimola kwa lita). Mikrolita 50 zake ukizijazia nukta zilizozimuliwa hadi mililita 10 ni mikromola 5 kwa lita; panda hivyo hadi 40, ukipima mwanga kila mara ili upate mstari wa kulinganishia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha shaba katika maji ya kunywa, miligramu 2 kwa lita, ni takribani mikromola 31, kwa hiyo kimo ndani ya mstari huo. Tumia chupa za plastiki, maana kioo hunasa ioni.

Sampuli ikififisha mwanga, tia kidogo EDTA, kemikali inayozifunga ioni za metali. Mwanga usiporudi, shuku rangi au tope la maji yenyewe. Ukirudi, ni ioni ya metali, lakini huenda si shaba bali ni chuma. Rudia kipimo kwenye sampuli mpya yenye floridi ya sodiamu, ambayo hukifunga chuma na kuiacha shaba.

Kuondoa shaba, changanya nukta na kitosani (polima itokanayo na maganda ya kamba) ya 2% iliyoyeyushwa katika asidi ya asetiki, kisha idondoshe tone kwa tone ndani ya hidroksidi ya sodiamu ya 1 M. Matone hugeuka shanga; zisuuze hadi pH itulie. Zifunge kwa glutaraldehidi, kemikali inayounganisha minyororo ya kitosani, lakini kidogo tu: ikizidi hula amini zilezile zinazoshika shaba, ikikosekana, shanga huyeyuka kwenye maji yenye asidi. Zitie kwenye maji yenye shaba, na baada ya kuzitoa, mulika maji yaliyobaki kwa urujuanimno. Yaking'aa samawati, nukta zinavuja na maji hayo hayafai kunywewa.