Somo: Kupima mwanga pale kanzu nyeupe na ngozi nyeusi zinapokaa katika picha moja

Picha za kwanza nilizopiga katika ndoa ya mpwa wangu, nje ya msikiti baada ya sala ya adhuhuri, zilionyesha kila mshono wa darizi kwenye kanzu ya bwana harusi, lakini uso wake ulizama gizani kiasi kwamba mama yake mzazi alimtambua kwa kofia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kamera haikuharibika, bali ilifanya hasa kile ilichotengenezwa kufanya.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimejengwa juu ya dhana kwamba vitu vyote vilivyo mbele ya lenzi, vikichanganywa pamoja, vitatoa kijivu cha wastani, ambacho wapiga picha wamezoea kukihesabu kuwa ni kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikiona kanzu nyeupe imejaa fremu, hudhani mwanga umezidi, hivyo hupunguza, na uso uliokuwa na mwanga mdogo tangu mwanzo huwa wa kwanza kupotea. (Filamu nayo haikututendea haki: kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu.)

Hatua ya kwanza ni kuliacha jua la utosini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua hupita karibu juu ya vichwa vyetu na kujaza kivuli kwenye matundu ya macho. Msogeze mhusika barazani au chini ya mwembe, lakini umsimamishe ukingoni mwa kivuli, akielekea palipo wazi, ili anga lenyewe liwe taa yake.

Hatua ya pili ni mipangilio, nayo haihitaji maneno mengi: weka tundu la lenzi kwenye f/4 au f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 200 na 400, na uhakikishe kuwa kasi ya shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, haishuki chini ya 1/125 ya sekunde.

Hatua ya tatu ndiyo somo lenyewe. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho huiamuru kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko ilivyopima yenyewe. Kwenye kipimo hicho, hatua moja kamili ni mwanga kuwa mara mbili au kubaki nusu, na kamera nyingi hukuruhusu kwenda kwa thuluthi. Ukiwa umeiacha kamera ipime fremu nzima, na kanzu ndiyo iliyotawala, ongeza kati ya thuluthi mbili na hatua moja na nusu. Ukiwa umeielekeza ipime sehemu ndogo tu, yaani shavu la mtu mwenye ngozi nyeusi, mambo hugeuka: sasa kamera itataka kulifanya shavu hilo kuwa kijivu cha wastani, litapauka kama lililopakwa majivu, kwa hiyo utapunguza karibu hatua moja. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa kukariri kwamba mtu mweusi huongezewa mwanga, wakati jibu linategemea kamera imepima nini.

Hatua ya nne, usikiamini kioo cha kamera ukiwa juani. Fungua histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia, utazame upande wa kulia: kilima cha kanzu kikisukumwa hadi ukutani, kitambaa kimeungua, wala hakuna programu itakayorudisha nyuzi ambazo hazikurekodiwa. Uso uliofifia kidogo huokolewa, hasa ukihifadhi picha katika faili ghafi za RAW.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu. Je, somo hili linanihusu?

Marahaba. Linakuhusu sana. Gusa uso kwenye kioo ili simu ipime hapo, kisha, kwa simu nyingi, telezesha kidole kushusha mwanga kidogo hadi rangi halisi ya ngozi irudi. Ukigusa kanzu badala ya uso, utapata picha kama zangu za harusini.

Chini ya mwembe nyuso zinatoka na ukijani, na kanzu inakuwa na ubuluu. Nakosea wapi tena, kaka?

Ukijani unatokana na majani na nyasi zinazorudisha rangi yake usoni, ndiyo maana nikasisitiza ukingo wa kivuli. Ubuluu una sababu mbili: mwanga wa kivulini hutoka angani, na kanzu yenyewe huenda imetiwa buluu wakati wa kufuliwa. Kwa hiyo usiitumie kanzu kama kipimo cha weupe unaporekebisha rangi. Piga kwanza fremu moja yenye karatasi nyeupe ya kawaida mahali palepale, uitumie hiyo.

Bwana harusi ni mweusi sana na bibi harusi ni maji ya kunde. Nikimpima mmoja, mwingine anaharibika. Nifanyeje?

Usitafute kipimo cha katikati kabla hujawapanga. Kama mwanga unaingia kutoka dirishani au mlangoni, msimamishe bwana harusi upande wa karibu na mwanga na bibi harusi hatua moja nyuma ya hapo, kwa kuwa karibu na dirisha mwanga hupungua haraka kadiri mtu anavyosogea mbali nalo. Kisha mpime bwana harusi, na umwombe shahidi mwenye kanzu pana asimame mkabala na dirisha, nje ya fremu: kanzu yake itarudisha mwanga upande wenye kivuli.