Mtungi wa Kuzimia Moto Usiodhuru Mapafu Wala Kisima

Sehemu kubwa ya Unguja, hasa upande wa mashariki, imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa uani hakikawii kuzama hadi kwenye maji ya kisima. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni anaponunua mtungi aulize pia dawa iliyomo itaishia wapi moto ukishazimika.

Soma kwanza maandishi ya mtungi. Herufi AFFF ni povu ambalo kwa kawaida lina kemikali za florini zisizooza. Mojawapo, PFOS, iliwekewa vizuizi mwaka 2009 na Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zisizooza. Mtungi huo usifyatuliwe uani kwa mazoezi, na ukinunua mpya ulizia povu lisilo na florini. Herufi BCF ni haloni, gesi inayokula tabaka la ozoni. Usiifungue, irudishe kwa mafundi wa mitungi.

Kwa kompyuta na swichi za umeme mimi huchagua mtungi wa hewa ukaa (CO2) kwa kuwa haiachi uchafu, lakini chumba kidogo kinahitaji hadhari. Kilo 5 zikitoka zote hutoa karibu mita za ujazo 2.7, na chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 3 kina 27 tu, yaani gesi inafikia takriban asilimia 10, kiwango cha kumpotezea mtu fahamu kwa dakika chache. Simama mlangoni, fyatua, toka, na usirudi kabla ya hewa kubadilika. Pembe ya mtungi, yaani mdomo mpana inakotokea gesi, usiishike, kwani gesi hutoka na baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri.

Unga mkavu ndio ulioenea zaidi, na ule wa alama ABC kwa kawaida ni fosfeti ya amonia, kemikali ile ile inayotumika kama mbolea. Hauui, ila humkaba mwenye pumu. Ufagio wa chelewa, ambao kila mtu huukimbilia, huurusha upya hewani. Vaa barakoa, fungua madirisha, ukusanye kwa kitambaa chenye unyevu na uutie kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukiumwagia maji mengi unakuwa uji mchachu unaokula bawaba na nyaya, na ukifika pwani hulisha miani inayosonga matumbawe.

Karai la mafuta ya kukaangia likishika moto, zima jiko, lifunike kwa sinia la chuma, na usilifunue mpaka lipoe kabisa.