Hadithi ya kutisha usiku usiiache mwisho wa sura

Nyie wenzangu wa huku Mtwara mnaosoma hadithi za kutisha kwa tochi ya simu umeme ukikatika, ukitaka kulala usiishie mwisho wa sura, ishia katikati, pale watu wanakunywa chai au wapo njiani tu, maana mwandishi ndoano yake anaiweka mstari wa mwisho makusudi ufungue sura nyingine mpaka alfajiri. Na usiruke maelezo ya nyumba na giza, mi naona damu haitishi kama mlango ambao bado haujafunguliwa. Kama ndo unaanza, tafuta Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, jina lina mzimu ila kazi ni ya mpelelezi Bwana Msa, tamu kweli.